Asidi ya Miwa

Mulongo aliropoka tu. Wakwe zake watarajiwa walikuwa wanakuja Jumamosi kuona boma lao la Kiplombe, akamwambia mama yake, Nabalayo, afanye kitu kuhusu yale madoa ya mashavuni, maana kutapigwa picha. Akarudi zake jijini anakofanya kazi. Nabalayo akabaki na maneno hayo yamemkaa rohoni.

Kesho yake alishuka mjini hadi kwa Linet, muuza vipodozi. Linet akamtolea kachupa ka asidi ya matunda, inayobambua ngozi iliyokufa polepole. Akamwonya: matone machache, jioni tu, na jua alikwepe. Nabalayo akauliza ni matunda gani. Nyingine hutoka kwa zabibu, akajibiwa, lakini hii ni ya miwa.

Basi maonyo yote yakaishia hapo. Mtu aliyezaliwa Bungoma, aliyetafuna miwa tangu meno ya utotoni, aogopeshwe na miwa? Alijipaka asubuhi, akajipaka mchana, kisha akainama juani kutwa akigeuza mahindi kwenye turubai. Uso ulipowasha alifurahi, akajua dawa inafanya kazi. Kufikia Ijumaa ulikuwa umevimba na kubambuka kama kiazi kilichochemshwa.

Wageni walipofika na Mulongo, aliyewapokea alikuwa Nekesa, dadake Nabalayo. Mwenyewe alijificha jikoni, leso imefunika uso hadi machoni. Maskini, aliona heri akose siku ya mwanawe wa pekee kuliko amtie aibu.

Lakini Muthoni, mama ya bibi harusi, hakuwa mtu wa kukalishwa sebuleni. Alikuja hadi jikoni, akamkuta mwanamke ameinamia sufuria.

“Mama, pole na kazi. Natafuta mama ya Mulongo. Ako wapi?”

“Ametoka kidogo,” Nabalayo akajibu bila kugeuka. “Atarudi.”

Mulongo alikuwa mlangoni na kreti ya soda. Alisikia mama yake akijikana, na leso ilipoteleza akaona na ule uso. Akaiweka kreti chini.

“Ni huyu, Mama,” akamwambia Muthoni. “Ndiye mama yangu. Amejichoma hivi kwa sababu nilimwambia uso wake hautoshi.”

Muthoni alivuta kigoda, akaketi kando ya Nabalayo, akamshika mkono.

Machozi yaliposhuka kwenye ngozi ile mbichi yalimwasha Nabalayo kuliko dawa yenyewe. Aliyaacha yashuke.