Zipu ya Mgongoni

Marlys alikuwa amechoka, tena si kidogo. Kumwogesha mume, kumlisha, kumkimbilia barabarani akitoka na soksi tupu. Huyo Orrin, aliyemfundisha kupiga mbizi, sasa hata choo hakijui kiko wapi. Binti yao Jolene alishampatia baba yake nafasi kwenye nyumba ya kulelea wazee, lakini mama mtu alikula yamini: "Siku atakaposhindwa kunifunga zipu, nitampeleka. Si kabla."

Zipu yenyewe ni ya suti ya kuzamia, ile isiyoingiza maji, nayo hupita mgongoni toka bega hadi bega. Mwenyewe huifikii, hata ujipinde vipi. Miaka yote aliyeifunga ni Orrin.

Basi mwezi wa tano, barafu ya Ziwa Huron ilipokwisha, Marlys akaenda kama kawaida yake kufunga boya kwenye meli ya mbao iliyozama zamani karibu na ufuko, wageni wasije wakaitupia nanga wakaivunja.

"Geuka," Orrin akamwambia, akavuta. "Haya, nenda."

Jolene alisimama kando na chupa ya kahawa, anaangalia tu.

Kina hakikuwa kirefu. Mbavu za meli zilionekana wazi, kome wamezijaa tele. Marlys alikuwa anapitisha kamba kwenye pete ya chuma maji yalipomwingia begani, yakashuka mgongoni hadi kiunoni. Uwii! Maji ya pale usiyafanyie mchezo. Akajua papo hapo. Akalia ndani ya barakoa huku anakaza fundo, maana fundo halijikazi lenyewe.

Akatoka meno yanagongana.

"Mama, imeingia maji?" Jolene akauliza.

"Kavu kabisa."

"Mbona midomo imekuwa ya bluu?"

"Baridi tu. Hebu niache!"

Orrin akaja nyuma yake kumfungua. Mkono ukasita. Zipu ilikuwa wazi mwishoni, vidole viwili vinapita.

"Lo! Nani kakufunga hivi?" akang'aka. "Mpumbavu gani huyo? Angekuua!"

Akaifungua zipu yote.

"Asikuguse tena, bibi. Una mume?"

"Ninaye."

"Basi siku nyingine mwite yeye akufunge."

Marlys akamshika mkono, akaung'ang'ania. Kisha akasema bila kumtazama binti yake, "Jolene, wapigie hao watu. Waambie Jumatatu tunamleta."