Bia Angavu ya Msimu wa Joto

Jumamosi moja asubuhi, joto likiwa limeshaanza kufanya mashuka yanate mwilini, mzee mmoja aliyeitwa Usukani aliweka karatasi tatu juu ya meza ya jikoni, akawaambia mkewe na dada yake kwamba mwaka huu bia watachagua wao. Karatasi ya kwanza ilisema bia ya ngano. Ya pili, bia chachu yenye chumvi kidogo. Ya tatu, bia angavu ya shayiri. Chini ya kila moja alikuwa ameandika kiasi cha kimea, muda wa kuchemsha na siku za kungoja, kwa mwandiko wa mtu aliyejaza daftari la bwawa kwa miaka ishirini na sita.

Tangu astaafu alikuwa hapiki nyingine ila nyeusi. Nyeusi tititi, nzito, ya kunywa ukiwa umekaa. Mkewe, ambaye mtaa mzima, hata mumewe, ulimwita Mama Pacha, alikuwa ametangaza wiki iliyopita kwamba hanywi tena lami wakati wa joto, na kama ni lami apelekewe mtengeneza barabara.

“Chumvi kwenye bia?” Dada Mkubwa aliisukuma karatasi ya pili kwa ncha ya kidole. “Mdogo wangu, si unipe mchuzi tu, nijue moja?”

“Ni kidogo, dada. Inakata kiu.”

“Inakata hamu.”

Karatasi ya pili ikaenda kwenye pipa la taka. Zilibaki mbili, na Usukani, ambaye hakuwahi kueleza jambo kwa kifupi, alieleza. Bia ya ngano hubaki na ukungu. Ukiimimina kwenye glasi huoni kidole chako upande wa pili. Ya shayiri, ukiiacha baridini wiki mbili bila kuigusa, hutulia mpaka ukaweza kusoma gazeti kupitia humo. Mama Pacha akasema yeye anataka, japo mara moja katika ndoa hii, kuona anachokunywa. Hivyo ndivyo walivyoichagua ile ya shayiri, wala hapakuwa na sababu nyingine.

Walipika siku hiyo hiyo. Kimea kiliroweshwa kwenye maji ya moto, maji yake matamu yakachujwa, yakachemshwa saa nzima pamoja na hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu. Dada Mkubwa alilalamikia harufu tangu mwanzo hadi mwisho na hakutoka jikoni hata dakika moja. Yalipopoa, Usukani aliyamimina kwenye ndoo nyeupe, akanyunyiza hamira, akafunga mfuniko, akaizungushia ndoo taulo bichi na kuisukuma chini ya sinki. Ilipokwisha kuchachuka aliitia kwenye chupa, kila chupa na kijiko kidogo cha sukari, akagonga vizibo. Chupa zikakaa wiki moja kabatini na mbili kwenye friji. Hakuna aliyeruhusiwa kuzitikisa, na nyama ya nyumba hiyo ilihamishiwa kwa jirani.

Ya kwanza ilifunguliwa Jumapili, saa kumi alasiri, kibarazani. Ilitoka angavu kweli, rangi ya majani makavu, na povu jeupe la vidole viwili. Chini ya povu, ndani ya glasi, palikuwa na kijiji.

“Ile si nyumba ya mwalimu?” Dada Mkubwa aliuliza.

“Ya mwalimu ni ile yenye tangi,” Usukani alisema. “Hiyo ni ya fundi cherehani.”

Mama Pacha alikwenda kuchukua miwani.

Mji mzima ulikunywa maji ya bwawa, na chini ya bwawa ndiko kulikokuwa na kijiji walikozaliwa Usukani na dada yake. Hilo lilijulikana na kila mtu. Usukani alifikiri kidogo, akasema maji ya bomba hayaonyeshi kitu kwa sababu yana haraka, lakini bia iliyokaa kimya siku kumi na nne haina budi kutulia, na kila kilichomo kikatulia nayo. Ile nyeusi bila shaka ilikuwa nacho pia, miaka yote minne, ila ilificha. Alipofika hapo alivuta kiti akaketi, kwa kuwa alikumbuka ni chupa ngapi za nyeusi alizozimaliza kwa raha zake.

Kijiji kilikuwa safi. Samaki walipita juu ya mabati bila kumsumbua mtu, na hapakuwa na mtu wa kusumbuliwa, isipokuwa mmoja. Mwanamke mzee alitoka kwenye nyumba ya mwisho, akakunja mkeka, akafunga mzigo wake kwa kanga, akaubeba hadi kando ya barabara pale malori yaliposimama zamani, akaukalia. Alikuwa mama yao. Alikuwa amezeeka kwa kiasi kile kile walichozeeka wao.

“Amekonda,” alisema Dada Mkubwa, kisha akaanza kulia, na hakujificha.

Ilikuwa hivi. Miaka thelathini nyuma, kijiji kilipohamishwa, idara ya maji iliamua kuhesabu milango. Watu hawatulii, wanaingia na kutoka, mtoto mmoja unaweza kumhesabu mara tatu. Mlango hauna tabia hizo. Kila nyumba iling’oa mlango wake na kuupakia kwenye lori, na karani akaweka alama. Mama alisaidia kuubeba mlango wake mwenyewe, kisha akarudi ndani kuchukua birika. Malori yalikuwa mawili. Dada Mkubwa, aliyekuwa kwenye la kwanza, alijua mama yuko kwenye la pili. Waliokuwa kwenye la pili walijua yuko kwenye la kwanza, na binti yake. Jioni karani alipiga simu bwawani: milango hamsini na minane imefika, yote, funga. Kijana mmoja mwajiriwa mpya, mtoto wa kijiji hicho hicho, akazungusha gurudumu la geti mizunguko arobaini mpaka likagota. Walimpa kofia, na wenzake wakampa jina la Usukani. Jina hilo alilipenda.

Walimtafuta mama, bila shaka. Idara iliwajibu kwamba rejista inaonyesha wote wamehama, kwa hiyo kama hayupo basi ameondoka mwenyewe, kwa hiari yake, na ni haki yake. Dada Mkubwa alitangaza redioni mpaka mtangazaji akaizoea sauti yake. Kwa miaka thelathini alikuwa na hasira na mama kwa kuwakimbia.

Walifungua chupa ya pili. Ilikuwa jioni huko chini, na mama alikuwa akirudi na mzigo wake. Aliinua pazia alilolitundika mahali pa mlango, akaingia, akafungua fundo. Katika chupa ya tatu ilikuwa asubuhi, na alikuwa akilifunga upya. Gesi ilipoisha kwenye glasi, kijiji nacho kiliondoka, ikabaki bia tu. Usukani alijaribu kumwita, mdomo ukiwa karibu na povu. Kitu pekee kilichotikisika kilikuwa povu.

Waliandika barua kwa idara. Haikupita wiki akaja mkuu wa idara mwenyewe, na alipovua kofia Dada Mkubwa alimtambua: ndiye aliyekuwa karani. Alikuwa na adabu. Aliamkia, akakaa pale alipoonyeshwa, akaitazama glasi kwa muda mrefu.

“Nyumba ile haina mlango,” alisema hatimaye.

“Ndiyo,” alisema Usukani.

“Basi mlango ulifika. Hesabu ilikuwa sahihi, mzee wangu. Nilikuwa na wasiwasi nilipoisoma barua yenu.”

“Mlango ulifika,” alisema Dada Mkubwa. “Mama hakufika.”

“Dada, fomu ilikuwa ya milango.”

“Basi fungueni mageti. Maji yashuke siku mbili tu, tumchukue. Mimi mwenyewe nitashuka, na miguu yangu hii hii mibovu.”

Mkuu alishusha pumzi. Alionekana kuumia kweli, na Mama Pacha, aliyekuwa amejiandaa kumchukia, alishindwa kumchukia vizuri. Mkuu alieleza kwamba mageti hayafunguliwi bila amri, na amri haitolewi bila kuthibitika kuna mtu chini. Rejista inaonyesha hakuna mtu chini.

“Si unamwona!” Mama Pacha alisema.

“Namwona, mama. Anafunga mzigo.”

“Irekebishe rejista. Mstari mmoja tu.”

“Rejista ikishafungwa haifunguliwi bila kibali cha aliyeifunga. Aliyeifunga ni mimi, na nikiifungua itaonekana niliifunga vibaya.” Alisema hivyo bila ukali, kama daktari anayemweleza mgonjwa. Kisha akauliza kama ingekuwa vibaya kuionja, maana ingeharibika bure. Akainywa, akafuta mdomo, akasema kwa uaminifu wake wote hajawahi kunywa bia nyepesi iliyopikwa nyumbani ikawa nzuri namna hiyo. Alipokuwa akivaa kofia alimshauri Usukani ajaribu ya ngano.

Siku iliyofuata Usukani alipanda basi hadi bwawani. Hakuaga nyumbani, kwa kuwa wangemwuliza anakwenda kufanya nini, na jibu hakuwa nalo. Mlinzi alimkumbuka, akamruhusu kupita bila kuandika. Mageti sasa yalifunguliwa kwa kompyuta, kutoka ofisi iliyokuwa mjini, na gurudumu lake la zamani lilikuwa limepakwa rangi nyekundu na kusimikwa kwenye zege karibu na maegesho, ili wageni wapige picha. Halikuunganishwa na kitu. Lilizunguka kwa wepesi kabisa, jambo ambalo zamani halikuwahi kufanya.

Alilishika kwa mikono miwili, akalizungusha kinyume. Mwanamke mmoja aliyekuwa na watoto wake alimsubiri kwa subira, akidhani mzee anacheza. Usukani alihesabu kwa sauti ya chini hadi arobaini. Kisha alisimama ukingoni akayatazama maji, yakiwa pale pale kwenye alama ya kina alipoyaacha alipostaafu. Alilia kidogo, akanawa uso kwa maji hayo, kwa kuwa hapakuwa na mengine, akarudi nyumbani.

Wanawake walikuwa kibarazani. Mama Pacha alimtazama usoni, akaenda kuleta chupa. Usukani aliimimina taratibu, glasi ameilaza upande, kama ipasavyo.

Mama alikuwa kando ya barabara, pale pale. Lakini safari hii hakuukalia mzigo. Alikuwa ameuweka kichwani, birika mkononi, amesimama wima, ameinua shingo kutazama upande ambao malori yalikuja, kama mtu aliyesikia injini.

“Amesimama,” alisema Dada Mkubwa. “Mbona amesimama? Umefanya nini?”

“Sijafanya kitu,” alisema Usukani, na hakuwa anasema uongo.

Walisubiri aketi mpaka gesi ikaisha. Wakafungua nyingine, na nyingine. Katika chupa ya jioni hakurudi ndani. Katika ya asubuhi mkeka wake haukuwa umetandikwa. Bia ilikuwa inapata joto, na Mama Pacha akasema kwa upole kwamba kuiacha hakutamsaidia mtu, basi wakanywa.

Msimu huo wote, katika kila chupa iliyokuwa imebaki, mama alisimama kando ya barabara na mzigo wake kichwani. Kabla ya hapo, angalau, alikuwa akikaa.