Nani Tumeuza?

Kwa nini wewe hukucheka, Baba Kakenya? Nimemuuliza hivyo, kavu kavu, na mume wangu anakoroga chai ambayo hajatia sukari, kijiko kinagonga kikombe, ting, ting, halafu anasema, "Kucheka nini?" kana kwamba jana hakuwa pale Ewuaso Kedong, kana kwamba si yeye katibu wa kamati ya ardhi aliyekaa safu ya mbele, amevaa koti lake la mikutano, wakati Mheshimiwa alipoinua hotuba niliyomwandikia mimi, mimi na digrii yangu ya Kiswahili, na badala ya kusoma "tumekuza malisho yenu" akasema "tumeuza malisho yenu", na umati ukaangua kicheko, akina mama wakapigana mabega, hata askari akaficha meno kwa kofia... tulibaki wawili tu, mimi kwa sababu kazi yangu ilikuwa imeharibiwa mbele ya watu, na yeye, aliyekuwa akiangalia viatu vyake. "Wacha hiyo maneno, Mama Kakenya," anasema, "ulimi uliteleza tu, Kiswahili si lugha ya mama yake." Uliteleza tu... lakini mimi naujua ulimi ule, miaka minne nimeulisha, haujateleza hata siku moja kwenye "nipigieni kura", hapo kila herufi inasimama wima kama inakaguliwa, unateleza kule kwingine, kama siku ile Embulbul alipowaambia wazee "nimewatumia miaka yote hii" badala ya "nimewatumikia", silabi moja, ki, nikaicheka nyumbani mpaka machozi, na kule Ngong akawaambia akina mama amekuja kuwasahau, akajirudi mbio, kuwasaidia, kuwasaidia, na mimi, mtu mzima niliyesoma, nikaketi usiku kuandika taarifa na kumrudishia silabi zake moja moja, kama mtu anayemfungia mtoto vifungo vya shati... simu inatetemeka kando ya mkate, ni Dinah wa ofisi ya Mheshimiwa, mara ya tano sasa, "Madam, andika tu ni typing error yako, mdosi amewaka, tunapost saa sita," na ni saa tano na nusu, na karatasi ya hotuba iko ndani ya kibeti changu, nimeitoa mara tatu tangu tuamke, K iko pale, nyeusi, kubwa kama kigingi kwa sababu Mheshimiwa hataki kuonekana na miwani, K haijaenda popote. Nikikataa, kazi imeisha. Nikikubali, basi malisho yalikuzwa, mwandishi alikuwa na usingizi, na hakuna la kuuliza tena... na yule aliyeuliza ni mmoja tu, yieyo, mama yake Kuntai huyu huyu anayekoroga chai, aliyenishika mkono watu walipotawanyika, Kiswahili chake ni cha soko la mbuzi, hakuelewa wanacheka nini, akaniuliza, "Mke ya mtoto wangu, amesema tumeuza? Nani tumeuza?" Nikamwambia, ni kosa la kusoma tu, yieyo. "Haya," akasema, "kama ni kosa," akashika njia ya olopololi, kile kipande ambacho boma zote huwaachia ndama, ambapo wiki iliyopita vilichomoza vigingi vyeupe vya wapima ardhi na yeye akavifanya kamba ya nguo, akaanika shuka lake juu yake... nani tumeuza, na mimi nikataka hata kumsahihisha, bibi mzima, moyoni nikamsahihisha, kumbe ndiye aliyesikia vizuri, sisi wengine tulikimbizana na K iliyoanguka, hakuna aliyeitazama TU, na TU haikuanguka, TU aliisema barabara, kwa sauti, akiwa ameelekeza uso safu ya mbele. TU si mtu mmoja. Na mimi nimeishi miaka kumi na mbili hapa Kitengela na mtu ambaye hafanyi kitu, kwake vitu hujifanya vyenyewe, glasi imevunjika, ng'ombe wameuzwa, karatasi zilipitishwa, hata vigingi nilipomuuliza alisema, "Viliwekwa," akageuka ukutani, na mimi nikabaki macho wazi nikichambua kitenzi, kitanda kimoja, yeye na kauli yake ya kutendwa, mimi peke yangu na sarufi yangu, na sikuuliza na nani, kwa sababu ukiuliza lazima ukae usikie... natoa karatasi kwenye kibeti, naiweka mbele yake, juu ya makombo, naweka kidole juu ya K, simu inatetemeka, siiangalii, Dinah na ajiandikie. Kijiko kimenyamaza. Chai imefanya utando. "Karatasi za malisho zilitiwa sahihi mwezi wa tatu," anasema, akiuambia utando. Na nani? Nimesema kwa sauti au nimewaza, sijui, lakini ananiangalia, na haniiti Mama Kakenya, ananiita jina ambalo sijalisikia mdomoni mwake tangu Kakenya azaliwe.

"Nyaguthii," anasema. "Nilitia sahihi mimi. Na muhuri nilipiga mimi."