Wapangaji wa Tumboni

Wa kwanza kulalamika alikuwa Bizimana, fundi wa mitumbwi pale Rubona, ambaye kila jioni hununua sambaza za kukaanga, wale dagaa wa Ziwa Kivu, na kuzila akiwa amesimama. Alitia tatu mdomoni, akakunja uso, akaligeukia ziwa, kisha akamgeukia Uwamahoro aliyekuwa akikaanga.

"Dada, hizi sambaza mulizitoa wapi? Mi najua Kivu haina chumvi. Ao imeshakuwa bahari na hatukuambiwa?"

Waliokuwa wakingoja zamu wakaangua kicheko. Uwamahoro akainamia karai lake. Alikuwa ameonja. Tena alionja mara mbili, na mara zote ulimi ulimwambia chumvi haijafika, basi akaongeza. Tangu mwezi uliopita kila alichokitia mdomoni kilikuwa kama karatasi. Wala si ulimi tu. Aliamka amechoka, aliweza kulia kwa kukunja nguo, na furaha yake ilikuwa kama Nyiragongo siku ya mawingu: unajua mlima upo, ila huuoni.

Mama mkwe wake, Nyirarukundo, aliyekuwa akifunga sambaza kwenye karatasi, hakucheka. Alimtazama mke wa mwanawe kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Bon," akasema polepole. "Chumvi haisikii. Chakula hataki. Jana alililia suruali ya mume wake Hirwa." Ghafla akapiga makofi. "Bizimana, we usicheke tena! Hii chumvi iko na baba yake!"

Kwao Cyanzarwe, Uwamahoro alifundishwa kwamba aliyeolewa juzi hambishii mama mkwe mbele ya watu. Na yeye kwa tabia yake hakuwa mtu wa kubishana hata na mbuzi. Akanyamaza. Kimya, kama ijulikanavyo, huhesabiwa kuwa ndiyo.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Nyirarukundo alimnyang'anya dumu la maji njiani, watu wakiona. Jirani akamletea parachichi, mwingine akamletea ushauri. Jioni mumewe Hirwa, anayechomelea mageti mjini, alipiga magoti na kumwekea sikio tumboni kabla hata ya kunawa masizi. Tumbo likanguruma.

"Anasema!" Hirwa akaruka. "Ni kijana huyu. Sauti ni ya marehemu baba kabisa!"

Uwamahoro alitaka kumwambia ni gesi. Akatabasamu tu.

Wiki ileile mambo yake ya mwezi yakaja kama kawaida. Alifua vitambaa kwa kujificha nyuma ya nyumba. Alipotoka huko alimkuta mama mkwe mlangoni, uso umemng'aa kama sufuria mpya.

"Mutoto yangu, nimepiga simu Goma. Shangazi za Hirwa watavuka Jumapili na vitu vya mama mujamzito. Watu watajaa hapa. Nitasimama niwatangazie!"

Usiku huo Uwamahoro hakuona ladha wala usingizi. Kumwambia mwanamke aliyefurahi hivyo kwamba hakuna kitu! Na asipomwambia, wazee wa watu watavuka mpaka na mizigo kichwani kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo.

Asubuhi akaenda kituo cha afya. Muganga Claudette, muuguzi wa huko, ni mama mnene mwenye kicheko kilicho karibu. Alimpima, akarudi na jibu.

"Mimba haiko. Ulikuwa unaitafuta ao unaikimbia?"

"Nilikuwa najua kwamba haiko," Uwamahoro akanong'ona. Kisha akamweleza juu ya ulimi, uchovu na machozi.

"Na unakunywa dawa gani?"

Uwamahoro akafungua fundo la kitenge chake. Zikadondoka mezani zile kapsuli ambazo wanawake wanaovuka mpaka huziita rangi mbili: nusu nyekundu, nusu njano. Huuzwa kwenye beseni, pamoja na sindano za kushonea na betri za redio. Siku moja tumbo lilimuuma baada ya brosheti, ile mishikaki ya harusini, akameza. Likapoa. Likarudi, akameza tena. Mwishowe akawa anameza kila likinguruma tu, kama mtu anayekula pipi.

Claudette aliziangalia akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hii ni dawa ya kuua vijidudu. Ni nzuri mutu akikuandikia kwa ugonjwa unaojulikana. Lakini haichagui. Nyumba yako iko na wezi wawili, we unachoma nyumba yote na wapangaji ndani."

"Wapangaji gani?"

"Tumboni mwako, huko kwenye utumbo, mnaishi vijidudu wengi kuliko watu wa Rwanda na Congo pamoja. Wengi ni wema. Unawapa chakula, wanakimalizia kukivunja, wanakutengenezea vitu ambavyo mwili unavihitaji. Na wanaongea na ubongo. Kuna mshipa mrefu unatoka tumboni kwenda kichwani, kama waya wa simu. Habari zingine zinapitia kwenye damu. Njaa, kushiba, hamu ya chakula, hata moyo kuwa mwepesi ao muzito, wanaonekana wana neno lao humo."

"Na ladha?"

"Wanasema hata ulimi unaweza kuguswa. Lakini kuna dawa ambazo zenyewe zinaharibu ladha, donc siwezi kukuapia ni lipi kati ya hayo. Wataalamu bado wanachunguza. Ninachojua: acha rangi mbili. Kula maharagwe, mboga za dodo, ule mchicha wetu, viazi vitamu, kunywa maziwa ya kuganda. Usipobadilika, rudi, tutatafuta sababu nyingine."

Uwamahoro akafikiri kidogo. "Mume wangu alisikia mtoto akisema tumboni."

Claudette alicheka mpaka akashika meza. "Ni wapangaji hao, wanadai umeme!"

Na Uwamahoro, ambaye hakuwa amecheka kwa muda mrefu, akajikuta anacheka naye. Lakini alipotoka nje, kicheko kikabaki mlangoni. Jumapili ilikuwa kesho.

Walivuka wanne, wakiongozwa na Shangazi Immy, mwanamke mrefu mwenye mkoba mkubwa na sauti kubwa kuliko mkoba. Walileta kapu la maharagwe, uji wa mtama ule wa igikoma, na chupa kubwa za ikivuguto, maziwa mazito ya kuganda. Majirani wakajaa mpaka mlangoni. Hirwa alivaa koti. Nyirarukundo akasimama, akajikohoza, machozi tayari yako karibu.

"Ndugu zangu, nyumba hii ilikuwa kimya tangu mume wangu alipotutoka. Leo Mungu..."

"Mama."

Sauti ilikuwa ndogo sana hivi kwamba watu walitafuta imetoka wapi. Uwamahoro alikuwa amesimama. 

"Mama, nisamehe. Sina mimba."

Mtu mmoja aliacha kijiko kikaanguka. Hirwa alivua koti polepole, kama mtu aliyesikia joto.

"Sasa uko na nini?" Nyirarukundo akauliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeketi akakuta kiti kimeondolewa, na hilo lilikuwa gumu kuliko hasira.

Basi Uwamahoro akasema yote. Hakuwahi kusema maneno mengi namna hiyo tangu aolewe. Alisema juu ya wapangaji, waya wa simu, na nyumba iliyochomwa kwa ajili ya wezi wawili. Mwisho akazitoa zile kapsuli, akaziweka juu ya mkeka.

Watu walizikodolea macho. Kisha Shangazi Immy akafungua mkoba wake taratibu, akatoa karatasi, akaikunjua. Nusu nyekundu, nusu njano.

"Hizi?" akauliza. "Mi nameza kwa kichwa."

"Mi kwa mugongo," akasema shangazi wa pili.

"Yebaba we!" jirani mmoja akadakia. "Mi nilimupa kuku!"

"Na kuku?"

"Kuku tulimula."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Nyirarukundo peke yake hakucheka. Alijipapasa kiunoni, akafungua fundo la kitenge chake mwenyewe, na kapsuli mbili zikadondoka. Hapo hata yeye akashindwa kujizuia. Alicheka na kulia kwa pamoja, akamvuta Uwamahoro akaketi naye.

"Na mi sikukuuliza hata siku moja," akamwambia. "Niliuliza chumvi, sikuuliza we."

"Tulichobeba tunakirudisha Goma?" akauliza Shangazi Immy.

"Kirudi wapi!" Nyirarukundo akamwaga ikivuguto kwenye kikombe mpaka pomoni, akamkabidhi mke wa mwanawe. "Kunywa, mutoto yangu. Muganga ameagiza. Wapelekee hao watu wako wa tumboni, walioteswa kwa bure."

Uwamahoro akanywa. Wote wakamtazama mdomo, Hirwa ameinama mbele kuliko wote.

"Eh? Unasikia?"

Akatafuta ulimini mwake, pembeni, nyuma. Zamani angeitikia kwa kichwa ili kila mtu afurahi.

"Bado," akasema. "Ni kama chokaa."

"Aache haraka!" Shangazi Immy akafoka akicheka. "Wapangaji wapya hawazoei nyumba siku moja!"

Uwamahoro akajifuta povu jeupe juu ya mdomo, akanyoosha kikombe kwa mama mkwe amwongezee.