Nusu ya Pili ya Ramani ya Tano

"Ya tano haiwezi kuwa namba moja," alisema Abukar, na kabla mtu hajamzuia akaifuta chaki kwa kiganja. "Mimi naiweka mwisho."

Banda zima likaguna. Ubao wenyewe ulikuwa kipande cha plaiwudi kilichopigiliwa misumari kwenye ukuta wa mabati, na kwa miaka mingi wateja wa Shiundu walikuwa wakiandika na kufuta hapo mpangilio wa muvi za Ramani, kuanzia iliyo bora hadi iliyo hafifu. Watu walinuniana kwa ajili ya ubao ule. Kuna fundi mmoja wa viatu aliyehamia banda jingine la video huko huko Mukuru kwa Njenga kwa hasira ya kuona ya pili imewekwa chini ya ya nne. Wiki mbili baadaye alirudi, maana huko alikokwenda hakuna aliyejali ipi iko wapi.

"Leo umeamkia upande gani, Abukar?" aliuliza Gachanja, ambaye siku sita za juma alipanga ndoo kwenye kiwanda cha plastiki na ya saba akaja kubishana. "Ya tano ndiyo Laban alituaga nayo. Unaiweka mwisho juu ya nini?"

"Juu ya masikio yangu," Abukar alisema.

Shiundu alikuwa amepiga magoti nyuma ya spika akiunganisha nyaya. Vidole vyake vilisimama.

Muvi za Ramani zilitengenezwa mbali, na kwa Kiingereza zina jina refu ambalo hapo bandani hakuna aliyelitumia. Zinamhusu mzungu mwenye ndevu anayetafuta mali zilizofukiwa, kila mara akiwa na karatasi kwapani, na ndiyo maana Laban, mtafsiri wa banda, alimbatiza Karani. Kazi ya Laban ilikuwa kukaa mbele ya maiki na kuyageuza yote yawe ya nyumbani. Jangwa aliligeuza likawa vumbi la Barabara ya Kangundo. Jambazi mkuu alimpa sauti ya mwenye nyumba anayegonga mlango tarehe moja. Katikati ya mikimbizano alikatiza akawapa watu salamu kwa majina yao, na mtu aliyetajwa alitembea wiki nzima kifua mbele. Mwisho wa kila muvi, majina ya waigizaji yakipanda kwenye skrini, salamu ya kufunga ilikuwa ya mkewe: "Khavere, bandika maji, nakuja."

Shiundu alikuwa mtu wa nyuma. Alishusha Kiingereza, akapandisha Laban, akakata kikohozi, akaunganisha. Miaka kumi na mmoja alimsikiliza mtu mmoja kwa hedifoni, hadi akajua ni lini atameza mate.

"Sikizeni," Abukar aliendelea. Alikuwa na duka la simu na vifaa vyake, na ya tano aliicheza dukani kutwa kucha, watu wakinunua chaja huku Karani akipigwa. "Laban alikuwa na tabia moja. Karani akikaribia kuumia, Laban ananyamaza. Nyoka yuko pale, Laban kimya. Kamba inakatika, Laban kimya, unahesabu moja, mbili, tatu, ndiyo anaongea. Kwa zote nne iko hivyo. Kwa ya tano iko hivyo mpaka kwa daraja. Kutoka daraja kuendelea, huyo jamaa hanyamazi hata kidogo. Anaongea tu, anaongea tu, kama mtu anaogopa kimya."

"Alikuwa mgonjwa, buda. Wewe ukiwa mgonjwa utahesabu moja, mbili?"

"Mgonjwa haongei zaidi, anaongea kidogo. Walahi, Gachanja, kutoka daraja si Laban."

"Basi ni nani? Jini?"

"Sijui ni nani. Najua si yeye."

"Si nani?" iliuliza sauti ya mwanamke.

Khavere alikuwa amesimama mlangoni, pazia la gunia mkononi. Alikuwa ametoka Komarock, alikokwenda kuishi na dada yake baada ya msiba, na alikuwa amevaa nguo aliyovaa kanisani asubuhi. Jumapili ile Laban alikuwa anatimiza mwaka mmoja kaburini, na watu wa banda walimwalika waitazame pamoja naye ile ya tano. Wenyewe waliita kumbukumbu. Gachanja alikuwa amechangisha soda.

"Ni mambo ya muvi tu, mama," alisema Abukar, akitazama viatu vyake. "Karibu. Kaa hapa mbele."

Khavere akakaa mbele. Shiundu akainuka, akamsalimu kwa kichwa, akarudi kwenye kompyuta yake. Hakuna aliyeshangaa kwamba hakufungua kinywa. Kwa mwaka mzima Shiundu alikuwa mtu wa ndiyo na hapana, na majirani walisema majonzi yamemla. Laiti ingekuwa majonzi peke yake.

Mambo yalikwenda hivi. Laban aliitafsiri ya tano akikohoa, hadi pale Karani anapofika kwenye daraja la kamba. Karani anainua mguu, Laban anasema, "Sasa hapa, wadau, mguu wa kwanza," kisha hakuna kitu tena, kwa sababu jioni ile alipelekwa hospitali na siku ya nne akafa. Walimzika Vihiga. Shiundu aliporudi Nairobi alifungua kompyuta ili aifute ile kazi, akakuta Karani amesimama darajani, mguu hewani, na sauti ya rafiki yake imekatikia hapo. Alishindwa kuifuta. Alishindwa pia kumwacha mtu amesimama vile. Akavuta maiki karibu, akajaribu neno moja kwa sauti ya Laban, kwa mchezo, kama alivyokuwa akimwigiza zamani wakacheka wote wawili.

Neno likatoka sawasawa. La pili likatoka sawasawa zaidi. Shiundu aliogopa, lakini hakuacha, kwa sababu kila alipotua alisikia chumba kilivyo kitupu. Kwa hiyo akawa hatui. Alimvusha Karani daraja, akampigania, akamfikisha kwenye mali, na majina yalipoanza kupanda akajua kwamba sasa inatakiwa salamu ya Khavere. Kusema "nakuja" kulimshinda. Akasema, "Khavere, leo kula wewe. Mimi nitachelewa."

Alifikiri ni mzaha wa huzuni ambao hakuna atakayeujali. Lakini muvi ilipotoka, watu walilia bandani. Wakasema Laban alijua, aliaga, na ya tano ikapanda hadi juu ya ubao.

Tangu hapo ile sauti haikumtoka. Alipokuwa akioga alimsikia Laban akisafisha koo, na koo lilikuwa lake yeye. Siku moja sokoni aliomba sukuma wiki za ishirini, na muuzaji, aliyewahi kupewa salamu na Laban, akageuka haraka kuangalia ni nani amesimama nyuma yake. Shiundu akajifunza kunyooshea vitu kidole. Aliogopa kuzungumza na aliogopa kulala, na alimwogopa zaidi mwanamke huyu aliyekaa mbele, mgongo wake umenyooka, akisubiri muvi ianze.

Akaianzisha. Sauti ya Laban, ile ya kweli, ikajaza banda. Watu wakacheka pale walipochekea mara ishirini. Fundi viatu akatajwa na wenzake wakamgonga mabega. Khavere alicheka pia, mkono mdomoni, na Shiundu alimwona akikunja leso na kuikunjua, akijiandaa kwa yale ya mwisho. Kila mtu alijua kwamba ameyahifadhi kwenye simu na kwamba huyasikiliza kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani.

Karani akafika darajani. Akainua mguu.

"Sasa hapa, wadau, mguu wa kwanza."

Shiundu akabonyeza, picha ikasimama. Hakuwa amepanga kufanya hivyo. Kidole chake kilitangulia, naye akakifuata.

"Tokeni kidogo," alisema.

Yalikuwa maneno mengi kwa Shiundu, na yalitoka kwa sauti iliyofanya watu waangaliane. Gachanja alitaka kuuliza, Abukar akamshika mkono wakatoka, wengine wakafuata na soda zao. Khavere naye akainuka.

"Wewe kaa, shemeji."

Mwanga uliingia kwa matundu ya misumari kwenye mabati. Shiundu akakaa kwenye benchi la pili, nyuma yake, kwa sababu asingeweza kulisema lile jambo akimtazama usoni.

"Yale maneno ya mwisho," alisema. "Ya kula wewe, mimi nitachelewa. Si Laban aliyeyasema. Ni mimi."

Khavere hakugeuka.

"Kuanzia hapo darajani mpaka mwisho ni mimi. Laban alikuwa ameshazikwa."

"Hiyo ni sauti ya mume wangu," Khavere alisema polepole. "Mimi siwezi kukosa kuijua sauti ya mume wangu."

"Ni yangu, shemeji. Nilimwigiza."

Akageuka sasa. Uso wake haukuwa na machozi wala hasira, ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza kitu kilicho nyumba ya tatu.

"Unajua walisema nini Vihiga," alisema. "Walisema mume anakufa na mke yuko nyumbani anafua. Nilikuwa nafua mashuka yake, Shiundu. Nilitaka arudishiwe mashuka safi. Mama yake hakunipa mkono pale kaburini. Mpaka nilipomsikizisha hiyo sauti kwa simu, ndiyo akaniita mwanangu."

"Najua."

"Nikasimama kanisani nikashuhudia. Nikawaambia mume wangu aliniaga."

"Najua. Nilikuwa pale."

"Ulikuwa pale ukapiga makofi."

"Nilipiga," alisema Shiundu. Aliona aibu kiasi kwamba masikio yalimwaka.

Nje mtu alicheka, akanyamazishwa. Khavere aliitoa simu kwenye mkoba, akaitazama bila kuiwasha, akairudisha.

"Siku hiyo wewe ndiye ulikuwa naye," alisema. "Mimi nikiwa kwa karai. Sijawahi kukuuliza, kwa sababu nilidhani ninayo. Yeye mwenyewe alisema nini?"

Hapo ndipo Shiundu alipoisikia ile sauti ikipanda kooni, tayari, ya moto. Ingekuwa rahisi sana. Maneno yalikuwa yamejipanga yenyewe, mazuri, yenye jina la Khavere ndani, na yeye angeyaamini, na mama mkwe angeyaamini, na kila mtu angerudi nyumbani na chake. Alifumba mdomo hadi yakashuka. Yalichukua muda kushuka.

"Aliuliza kama nimehifadhi kazi," alisema. "Hiyo ya daraja. Nikamwambia nimehifadhi. Akasema, 'Basi zima, tutamalizia kesho.' Halafu akalala."

"Hakunitaja."

"Hakukutaja, shemeji."

Khavere alitoa sauti fupi puani, na Shiundu alidhani analia. Lakini alikuwa anacheka, kicheko kibaya, cha kukasirika, cha mwanamke aliyepikia mtu miaka kumi na minne na kumwona akija mezani na hedifoni shingoni.

"Kazi," alisema. "Kazi mpaka mlangoni kwa Mungu. Huyo sasa ndiye yeye."

Akacheka tena, na safari hii kicheko kilivunjika katikati, akainamisha uso kwenye leso. Shiundu hakumgusa. Alikaa na mikono kwenye magoti, akamngoja, na alimhurumia kuliko alivyojihurumia yeye, jambo ambalo kwa mwaka mzima hakuwa ameliweza.

Gachanja alibisha hodi kwenye mabati kwa vidole viwili. "Mzee, tuingie?"

"Bado," alisema Khavere kwa sauti ya juu, akipangusa macho. Kisha, bila kumtazama Shiundu, akasema, "Yaseme tena."

"Yapi?"

"Hayo yake. Yaseme kama alivyoyasema yeye. Unaweza, si ndiyo? Umeweza mwaka mzima."

"Shemeji, si vizuri."

"Yale ya uongo ulinipa bila kuombwa. Haya nayaomba."

Akafumba macho, mikono juu ya mkoba, uso umeinuliwa kidogo. Shiundu akavuta pumzi. Aliitafuta ile sauti pale ilipokuwa ikikaa, chini ya koo, kidogo kushoto, pale alipojikwaa nayo kila asubuhi alipoamka.

"Basi zima," alisema. "Tutamalizia kesho."

Ikatoka nyembamba, na mkwaruzo kidogo, na lafudhi ya kwao Butere. Mwanzoni hakuitambua. Ilikuwa yake mwenyewe. Akasafisha koo akajaribu tena, ikawa ile ile, ya mtu wa nyuma ambaye hakuwahi kupewa maiki, na ghafla akamkumbuka Laban kwa uchungu ambao hata siku ya maziko hakuujua.

Khavere hakufumbua macho. Aliinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza kwa sikio zuri zaidi, na akaendelea kungoja.