Maji Yaliyolala Lango la Chini

Asubuhi baada ya chai ya tangawizi na magimbi, fundi Eliamini alifungua kompyuta ya kamati ya maji, akailaza mashine pepe. Hiyo ni kompyuta isiyo na mwili, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Ndiyo iliyokuwa ikifungua na kufunga malango mawili ya ndiva, bwawa la kijiji milimani juu ya Same. Kompyuta ya zamani ilikuwa inakufa, na mashine ilipaswa kuamkia kwenye mpya, yenye prosesa, ubongo wa kompyuta, ya aina nyingine.

Mashine ilipolala, maji nayo yakalala. Yalisimama mfereji mzima, matone yakiwa hewani pale yalipokuwa yanaruka jiwe, jani la mgomba limetulia katikati ya safari. Jamani, yalikuwa mazuri! Jua lilipita ndani yake likaweka rangi kwenye udongo. Watu walisogea, wengine wakavua kofia. Kisha wakaenda kupalilia.

Kuamka kulihitaji draiva, kijiprogramu cha kulikumbusha kila lango lilikoishia. Kwa prosesa mpya Eliamini alikuwa ameandika draiva ya lango la juu tu. Kwa desturi kikao cha ndiva hukaliwa na koo zilizoichimba, na mwenyekiti, mzee Zebedayo, alikuwa amemwambia, "Anza na wenyewe." Wafugaji wa tambarare, wanaotegemea lango la chini, hupata zamu ya maji, hawapati kiti.

Mashine ikaamka. Juu, maji yakashtuka, yakaendelea na safari. Chini yakabaki yamelala.

Nalangu, mfugaji, alipanda kutoka tambarare, ndama wakimfuata mbavu nje.

"Shikamoo, mama," alisema Eliamini.

"Marahaba. Maji yangu yamelala?"

"Yamelala, mama."

"Si uyaamshe?"

"Mpaka kamati ikae."

"Na mimi nitaingia?"

Eliamini alitazama viatu vyake. Aliona aibu, tena aibu ya kweli.

Kamati ilikaa. Ikampongeza Eliamini kwa kazi nzuri, ikampa kazi nyingine, isiyo ya lango la chini, ikafunga kwa sala.

Maharage ya juu yamechanua. Chini, Nalangu hurudi kila asubuhi. Ndama hulamba maji, ulimi hutoka mkavu. Wawili wameshakufa. Yeye hushika pindo la shuka lake, huyafuta vumbi maji yake mpaka yang'ae, kisha huwaswaga waliobaki kurudi nyumbani.