Nyuzi Arobaini na Moja

Kila Jumatatu mzee Kipimajoto, kama mtaa mzima ulivyomwita, alitakiwa kupanda mlima hadi kwenye chemchemi ya maji moto karibu na kileleni, apime joto lake, aandike. Mlima huo ni volkano iliyolala miaka mingi, na kazi ya mzee ilikuwa kuangalia kama bado imelala. Magoti yalipomgomea, akawa anaishia penye kivuli cha kwanza, anakula mkate wake, kisha anaandika nyuzi arobaini na moja. Siku nyingine arobaini na mbili, zisifanane mno. Uongo nao una ufundi wake, jamani. Miaka minne ikakatika hivyo.

Sasa mke wa mwanawe, aliyeajiriwa ofisi ileile iliyomtuma mzee mlimani, alikuwa anaandaa ripoti ya kuamua kama shule mpya ijengwe chini ya mlima. Takwimu zake zote zilitoka kwenye daftari la baba mkwe, na alizisifu mezani mbele ya familia hadi mzee akapaliwa na chai. Kilichobaki, alisema, ni kuiona chemchemi kwa macho yake. Mzee akataja mvua, akataja nyoka, akataja magoti. Mkwe akamwambia watapanda polepole.

Njia ilikuwa imemezwa na majani. Mzee alipotea mara mbili, akailaumu mvua. Walipofika hapakuwa na maji. Palikuwa na tope lililokauka likapasuka, na katikati yake mti umeota, shina nene kama mkono wa mtu mzima.

Mkwe aliutazama ule mti kwa muda. Kisha akaketi juu ya jiwe, akafungua daftari lake mwenyewe, akauliza kwa adabu, "Ilikauka lini, baba?"

"Wiki iliyopita," mzee akasema.

Mwenyewe alisikia jinsi jibu lilivyokuwa la kipuuzi. Mkwe hakubisha, aliinamisha kichwa, kalamu mkononi. Aibu ikampanda mzee kutoka tumboni hadi masikioni. Mtoto wa watu angeweka sahihi yake chini ya uongo huu, na watoto wangeletwa kusoma pale chini kwa kuiamini sahihi hiyo.

"Futa, mwanangu. Miaka minne sijafika hapa. Nilikuwa natunga tu."

Akasubiri lawama. Mkwe akamgeuzia daftari. Ukurasa ulikuwa mtupu.

"Sijaandika kitu, baba," akasema. "Nilikuwa nakusubiri."

Mzee akainama, akajifanya anakaza kamba za viatu, na hakuinuka upesi.